Kompresa kwenye Mjengo: Tangi Lako Limekaguliwa Lini?

Kijitabu hiki ni cha wakandarasi, mafundi, vibarua na wenye nyumba wanaojenga Bungoma, Kitale na miji iliyo kati yake. Kimetokana na malalamiko ya pande mbili. Vibarua wanasema wanapangiwa kazi kando ya mashine za hewa zilizochakaa, zenye matangi yaliyochomelewa viraka juu ya viraka. Wenye mashine nao wanasema mkaguzi akifika saitini anadai cheti, na kwamba cheti hicho ni kodi nyingine iliyobuniwa juzi ili kuwakamua.

Tuwajibu hao wa pili kwanza. Cheti si kodi, na hakikubuniwa juzi. Matangi ya hewa yalikuwa yakikaguliwa chini ya Sheria ya Viwanda, Sura ya 514, iliyoanza kutumika mwaka 1951. Bunge lilipopitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini mwaka 2007, ukaguzi ulibaki palepale, na sheria ikapanuliwa ifike kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, pawe pa kudumu au pa muda. Nyumba ya ghorofa moja inayojengwa Kiminini imo. Barabara inayochimbwa kuelekea Kapsokwony imo. Anayeziba pancha za malori Kanduyi kwa kompresa aliyoiunganisha mwenyewe, naye yumo.

Habari za nani ajisajili wapi na kwa fomu gani utazipata katika ofisi ya usalama na afya kazini iliyo karibu nawe. Mkandarasi pia awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Hapa tunataka kusema juu ya tangi.

TANGI NDILO LINALOUA

Watu wa mjengo wanaogopa injini kwa sababu inanguruma, na wanaogopa mkanda kwa sababu unazunguka. Tangi limekaa kimya, kwa hiyo hakuna anayelitazama. Vibarua hulikalia wakinywa chai. Wengine hulianikia nguo.

Fanya hesabu hii. Tangi la lita 200 lililojazwa hewa hadi ba 8, yaani takriban PSI 116, limebeba nguvu inayoweza kurusha gari la tani moja na nusu juu zaidi ya mita 10. Tangi likipasuka, nguvu hiyo yote hutoka kwa mpigo mmoja pamoja na vipande vya chuma. Hakuna kofia ya plastiki inayokinga hilo.

Kinachopasua tangi mara nyingi ni kutu ya ndani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, hasa kuanzia Machi mvua zinapoanza. Kompresa ikiibana hewa hiyo na hewa ikapoa ndani ya tangi, maji hujitenga na kutuama chini. Mashine ndogo inayovuta futi 10 za ujazo kwa dakika, ikifanya kazi kutwa nzima msimu wa mvua, inaweza kuacha zaidi ya lita moja ya maji. Kubwa ya kupasulia mwamba huacha lita kadhaa kila saa. Maji hayo yasipotolewa hula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Tangi lililopakwa rangi mpya sokoni lisikudanganye.

Kwa hiyo, kila jioni, bila kukosa: zima mashine, punguza presha ibaki kidogo, kisha fungua polepole koki iliyo chini kabisa ya tangi. Simama kando, usiiname mbele yake. Acha maji yatoke mpaka ibaki hewa kavu. Maji yakiwa ya rangi ya chai, kutu imeanza, na tangi linahitaji kuonwa na mkaguzi kabla ya muda wake. Koki ikiwa imeziba kwa matope au kukwama, hiyo si sababu ya kuiacha. Hiyo ni sababu ya kutoiwasha mashine kesho.

Tunarudia, kwa sababu hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote: maji yatolewe kila jioni. Foremani amtaje kwa jina mtu wa kazi hiyo. Kazi iliyoachiwa wote haifanywi na yeyote.

VIRAKA

Jua kali yetu ina mafundi hodari, na tunawaheshimu. Lakini tangi la hewa halitiwi kiraka. Tundu moja dogo linalovuja ni dalili kwamba chuma chote kilicholizunguka kimekuwa chembamba. Ukichomelea pale, moto wa kuchomelea hukidhoofisha zaidi kile chuma kilichosalia, na ufa unaofuata huanzia pembeni mwa kiraka. Tangi la namna hiyo likatwe, lisiuzwe kwa mwingine. Aliyeuziwa Chwele kwa bei ya chini hana habari kwamba amenunua jeneza.

Vilevile usikubali tangi lililoundwa kwa mtungi wa gesi ya kupikia, kwa pipa, au kwa bomba lililozibwa ncha mbili. Halina bamba la kiwandani, kwa hiyo hakuna ajuaye limeundwa kustahimili presha gani. Geji yake inaweza kusoma vizuri mpaka dakika ya mwisho.

VALI YA USALAMA

Hii ni ile vali ndogo ya shaba yenye pete, iliyo juu ya tangi. Kazi yake ni moja: presha ikizidi kiwango kilichoandikwa kwenye tangi, ifunguke yenyewe na kuitoa hewa nje. Ikilia, inakulinda. Mafundi wengine huiona kero. Huifunga kwa waya wa nondo, huiziba kwa bolti, au huikaza springi yake ili kompresa isukume zaidi. Wengine hugeuza skrubu ya swichi ya presha kwa sababu hiyo hiyo, mashine ikapitiliza mahali ilipopaswa kujizima.

Mtu anayeziba vali ya usalama kwenye saiti yenye watu ishirini ameweka maisha ya watu ishirini mfukoni mwake. Hatuna neno laini la kulisemea jambo hili. Mkaguzi akikuta vali imezibwa, mashine inasimamishwa hapo hapo, na asiulizwe kama anaweza kungoja zege limalizike.

Mara moja kwa wiki, tangi likiwa na presha, vaa miwani ya kazi kisha uvute pete ya vali. Hewa itoke kwa nguvu, na ukiachilia, ijifunge bila kuvuja. Isipofunguka au isipojifunga, ibadilishwe kwa nyingine iliyowekewa kiwango kisichozidi cha tangi. Kati ya tangi na vali hii pasiwekwe koki yoyote.

SHERIA INATAKA NINI KWENYE TANGI

Presha salama ya kufanyia kazi iwe imeandikwa juu yake mahali panapoonekana. Liwe na vali ya usalama, geji inayosoma sawasawa, koki ya kutolea maji, na tundu la kuliwezesha kusafishwa ndani. Saiti yenye matangi zaidi ya moja, kila moja liwe na alama yake. Kisha, angalau mara moja katika kila miezi 24, lisafishwe na kuchunguzwa na mtu aliyeidhinishwa na serikali, na ripoti yake itunzwe. Jirani yako aliyesomea mitambo si lazima awe ameidhinishwa. Mwulize akuonyeshe barua yake kabla hujamlipa. Ikibidi tangi kupimwa nguvu, hupimwa kwa maji na wala si kwa hewa, kwa sababu maji hayabaniki, na tangi likishindwa hupasuka bila kuruka.

Ukikodi mashine, usidhani wajibu umebaki kwa mwenyewe. Omba nakala ya ripoti ya ukaguzi kabla ya kompresa kupakiwa kwenye pikapu. Asiye nayo, mwache aende na mashine yake.

KUCHAGUA MASHINE KWA NCHI YA JUU

Kuna kosa linalofanywa sana na wanaonunua Nairobi au Mombasa na kuleta huku. Bamba la mashine hutaja CFM, yaani futi za ujazo za hewa kwa dakika, na namba hiyo kwa kawaida imepigiwa hesabu ya usawa wa bahari. Bungoma iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na Kitale karibu mita 1,900. Hewa ya huku ni nyepesi. Kompresa ile ile huvuta ujazo ule ule, lakini hewa iliyomo ndani yake imepungua kwa karibu asilimia 15 Bungoma, na karibu asilimia 20 Kitale. Injini ya dizeli isiyo na taabo nayo hupoteza nguvu.

Kompresa ya CFM 185, ile inayovutwa kwa gari na kuzoeleka katika kazi za barabara, huendesha nyundo mbili za kuvunjia mwamba pwani bila shida. Hapa Kitale usiihesabie zaidi ya CFM 150 hivi. Kwa hiyo jumlisha hewa inayotakiwa na vifaa vyote vitakavyotumika kwa pamoja, ongeza robo, ndipo uchague. Kwa nini tunalisema hili katika kijitabu cha usalama? Kwa sababu nyundo ikilegea, fundi hakimbilii kukodi mashine kubwa zaidi. Anakimbilia skrubu ya presha na vali ya usalama. Mashine ndogo kuliko kazi ndiyo mwanzo wa vali kuzibwa.

Kwa kupaka rangi tu, mashine ndogo ya umeme inatosha. Hatuna mengi ya kusema juu yake ila yale ya tangi, ambayo hayabadiliki.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Vumbi jekundu la barabara zetu huziba kichujio cha hewa upesi kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Kifunguliwe kila siku msimu wa kiangazi. Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Oili ya injini iliyomwagwa kutoka kwenye lori haifai, maana huacha masizi kwenye njia ya hewa moto, na masizi hayo yanaweza kushika moto ndani ya mashine ya pistoni. Mkanda uwe na kinga yake. Mashine isimame mahali tambarare, magurudumu yamewekewa mawe, moshi ukielekezwa mbali na watu. Usiiweke ndani ya chumba wala mdomoni mwa shimo lenye mtu. Hewa ya kompresa ya kawaida si ya kupumua, kwa hiyo asishushiwe mchimba kisima mpira wake eti apate hewa.

Mipira ya hewa huunganishwa kwa vishikio vyenye kucha. Kila kiungo kina tundu la pini, na pini hiyo iwepo. Waya wa kufungia nondo si pini. Juu yake ongeza kamba ya chuma inayofunga mpira na mpira, ili kiungo kikifunguka, ncha isipige watu. Kabla ya kufungua kiungo chochote, zima hewa, kisha ukamue nyundo mpaka mpira ulegee.

Na lile tuliloliona likifanywa kama mchezo mwisho wa siku: kujipuliza vumbi kwenye nguo au kumpulizia mwenzako. Hewa yenye presha hupenya ngozi, hung'oa jicho, na ikiingia kwenye mishipa ya damu huua. Foremani anayelitazama hilo akicheka amekosea sawa na anayelifanya.

Nyundo ya hewa hupiga kelele zinazopita desibeli 100. Kanuni za Kelele za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi akae kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kelele ikizidi hapo muda unapungua. Vizibo vya masikio ni vya mwajiri kununua, wala si vya kibarua kujitafutia. Mwamba unyunyiziwe maji wakati wa kuvunjwa, maana vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki.

KIBARUA, HAKI YAKO

Ukiona tangi linavuja, vali imefungwa au bamba halipo, mwambie msimamizi wako mara moja. Sheria inakutaka useme, na inamkataza mwajiri kukufukuza au kukuadhibu kwa sababu umesema. Ukipuuzwa, nenda ofisi ya usalama na afya kazini. Huhitaji wakili, na huhitaji kwenda na mzee wa mtaa.

Ajali ikitokea, mwajiri aitoe taarifa kwa afisa wa eneo. Mtu akifa, taarifa ifike ndani ya saa 24, na maandishi yafuate ndani ya siku 7. Fidia ya aliyeumia au ya jamaa za aliyekufa inafuata Sheria ya Fidia kwa Majeruhi Kazini ya mwaka 2007, na haiondolewi na makubaliano ya mdomo ya kununuliana dawa. Tangi lililopasuka liachwe palepale, pamoja na vali yake na vipande vyake vyote. Lisisogezwe wala kuuzwa kwa watu wa chuma chakavu kabla mkaguzi hajaliona.