Nusu ya nini? Hesabu za malipo kwa watu wa Kambove

Hapa Kambove, mji wetu wa madini, hesabu hazibaki darasani. Zinakukuta kwenye depo la madini, zinakukuta kwa mbadilisha pesa, na shimoni pia. Jioni ninapowasaidia watoto wa mtaa wetu, kanuni huja baadaye. Kwanza kila namba ipewe jina: mifuko, kilo, dola, saa, watu. Namba isiyo na jina tunaifuta.

Tuseme wachimbaji watano wameleta mifuko 20 ya mawe ya shaba, kila mfuko kilo 50. Jumla ni kilo 1,000. Mnunuzi anakata asilimia 10 ya unyevu, zinabaki 900. Anapima kwa Metorex, mashine inayoonyesha kiwango cha shaba kwenye mawe, kisha anatazama bei ya kiwango hicho kwenye ubao: dola 0.30 kwa kilo. Uliza papo hapo: kilo ya mawe, au kilo ya shaba iliyomo ndani? Hapa ni ya mawe, basi 900 × 0.30 = dola 270.

Sasa anakuja aliyetoa mtaji. Chakula, tochi na usafiri vilimgharimu dola 70, na mlipatana "nusu kwa nusu". Nusu ya nini? Mkitoa gharama kwanza, zinabaki 200; nusu yenu ni 100, kila mchimbaji anapata dola 20. Akichukua nusu yake kwanza, zinabaki 135. Mkimrudishia 70 kutoka humo, mnagawana 65, yaani 13 kila mmoja. Dola saba za kila mmoja zimepotea kwa kubadilisha mpangilio tu, na hakuna aliyekosea kuzidisha wala kugawa. Ndiyo maana nasema mpangilio huo uandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, kabla mtu hajashuka shimoni. Ndugu kwa ndugu ndio wanaohitaji karatasi zaidi.

Kubadilisha pesa ni rahisi. Tuseme kiwango ni faranga 2,800 kwa dola moja: dola 20 ni faranga 56,000. Ukitoka dola kwenda faranga, namba lazima ikue. Ikipungua, umegawa badala ya kuzidisha. Ila mbadilisha pesa ana viwango viwili, cha kununua dola na cha kuuza. Ukiwa na dola mkononi, chako ni kile kidogo.

Hesabu inayowasumbua wengi ni ya pampu. Moja inakausha shimo kwa saa 4, nyingine kwa saa 6. Zote pamoja? Wanafunzi hujibu 10, wajanja hujibu 5, ingawa ile ya kwanza peke yake inamaliza kwa 4! Uliza kila pampu inafanya nini kwa saa moja: robo ya shimo, na sehemu moja ya sita. Jumla ni 5/12, hivyo muda ni 12 ÷ 5 = saa 2.4. Hizo ni saa 2 na dakika 24, si dakika 40. Na kama kila pampu inakunywa lita moja ya mafuta kwa saa, pamoja zitakunywa lita 4.8, wakati ile ya kwanza peke yake ingetumia 4. Mwenye haraka atalipia hizo 0.8.