Mashine ya Kupulizia Mikorosho: Jeraha Lisilotoa Damu

Kila msimu wa kupulizia ukikaribia hapa Masasi na Newala tunaongea salfa: robo kilo kwa mti, alfajiri upepo umetulia, kabla ubwiriunga haujashika maua. Leo tuuache mti kidogo, tumwangalie aliyebeba mashine.

Tukisikia "ajali ya mashine" tunawaza kidole kilichoingia kwenye mkanda au mguu uliobanwa na pawatila. Hizo zipo, nitazigusa chini. Ila kuna jeraha lingine linalomnyemelea kila mpulizaji. Linakuja polepole, na likishaingia halirudi nyuma.

1. Masikio

Kikomo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila sauti inapopanda desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Ikifika desibeli 100, unabaki na dakika 15 tu kwa siku. Na mashine nyingi za kubeba mgongoni zinafika hapo, kwa sababu injini iko nyuma ya kichwa chako.

Piga hesabu. Eka 10 zilizopandwa mita 12 kwa 12 zina mikorosho kama 280. Tuseme dakika moja kwa mti: hizo ni saa 4 na nusu na zaidi. Muda wako salama uliisha kwenye mti wa 15.

Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa haviaoti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Zinaanza kupotea sauti nyembamba: mtoto anakuita, unaona mdomo tu. Nyumbani wanasema umekuwa mkali, kumbe unapaza sauti kwa kuwa hujisikii. Mnadani bei inatajwa, unamwuliza jirani. Usiku sikio linalia "nziii" na usingizi hauji.

Jipime hivi. Kabla ya kazi, weka redio kwa sauti ndogo unayoielewa, usiiguse tena. Ukirudi, sikiliza. Kama maneno hayaeleweki, sikio limeumia leo. Huenda likapata nafuu kesho, lakini ukirudia msimu baada ya msimu, itafika siku halitapata.

Nunua vifunika masikio vya kazi. Vizuri, vikivaliwa sawasawa, vinapunguza desibeli 20 hivi. Pamba haitoshi. Na wewe unayeweka hedifoni za simu uzibe kelele kwa muziki, unaongeza kelele juu ya kelele.

2. Vidole

Mtikisiko wa injini unaumiza mishipa ya damu na ya fahamu mkononi. Msumeno wa mota tunaokatia mikorosho mizee ndio mbaya zaidi. Dalili ya kwanza utaiona asubuhi za baridi ya Newala, Juni na Julai: ncha za vidole zinakuwa nyeupe na kufa ganzi. Usidhani ni baridi tu. Ukiendelea, kufunga kifungo cha shati kunakuwa kazi.

Badilisha raba za kuzuia mtikisiko zikichakaa, usikamate mpini kwa nguvu kupita kiasi, pumzisha mikono, ipashe joto. Na sigara inabana mishipa hiyohiyo.

3. Mgongo

Mashine tupu ina kilo 11 hivi. Ukitia salfa na petroli inakaribia kilo 20, na unatembea nayo gizani kwenye mashimo na visiki. Jaza nusu. Iweke juu ya kichanja ndipo uivae, usiinyanyue kutoka chini. Wawe wawili wanaopokezana.

4. Jeraha la ghafla

Kidole kikikatika, bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu. Usipake grisi wala majivu. Kipande kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, tia kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko uuweke juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Wahi hospitali, iwe Mkomaindo, Ndanda au ya wilaya Newala, na uliza sindano ya pepopunda.

Kidonda kikifunga, kazi haijaisha. Mkono usiofanyishwa mazoezi unakakamaa, kwa hiyo usikatishe kliniki. Na mtu akisema anaumwa kidole ambacho hakipo, msimcheke wala msikimbilie kusema karogwa. Mishipa iliyokatika bado inatuma maumivu, na yanatibika.

5. Wewe mwenye shamba

Wengi wenu hampulizii wenyewe, mnalipa kijana kwa mti. Malipo hayo yanamsukuma asipumzike. Mkataba wenu uwe na vifunika masikio, barakoa na mtu wa kupokezana naye. Kama umeajiri, nenda ukaulize Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, namna ya kusajili. Sheria yake ya 2008 inagusa ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi.

Salfa unaihesabu mfuko kwa mfuko. Weka na vifunika masikio kwenye bajeti hiyohiyo. Mkorosho unaweza kukaa shambani miaka 40. Huyo kijana naye anayo miaka yake 40 mbele, na atahitaji kusikia.