Kitundu cha Chini ya Sailensa

Wanachuo wenzangu, nianze kwa kukiri kosa. Likizo iliyopita mjomba aliniachia gari lake la mtumba ili nimpeleke bibi kliniki. Siku moja nikiliosha nikaona kitundu chini ya sailensa, kipana kama njiti ya kiberiti, kinadondosha maji. Nikajua limeshatoboka. Nikaenda kwa kijana anayechomelea mageti mtaani, akaziba kwa dakika mbili, nikajiona mjanja.

Haikupita miezi saba, sailensa ikapasuka kwenye mshono wa chini. Kelele nilivumilia. Kilichonitisha ni bibi kuniambia, "Mjukuu wangu, kila nikipanda gari lako kichwa kinaniuma." Moshi wa eksozi iliyopasuka unaweza kupenya hadi ndani ya gari, na ndani yake mna kaboni monoksaidi: haina rangi, haina harufu, na inaua. Mimi mwalimu mtarajiwa wa kemia nilikuwa nimempandisha bibi yangu humo kila wiki.

Fundi wa eksozi aliishusha, akaipasua kwa grenda, yakamwagika matope mekundu ya kutu. Akauliza, "Mwalimu, nani kaziba tundu la kiwandani?"

Hapo ndipo somo lilipo. Sailensa nyingi huanza kuoza kutoka ndani. Petroli ni kaboni na hidrojeni, na ikiungua, hidrojeni inaungana na oksijeni kuwa maji. Chukua oktani kama mfano, upige hesabu ya moli: gramu 228 hutoa gramu 324 za maji. Lita moja ya petroli ina takriban gramu 740, kwa hiyo kila lita unayochoma inatoa karibu lita nzima ya maji. Nilirudia hesabu hiyo mara mbili, sikuamini.

Maji hayo hutoka kama mvuke. Lakini eksozi ikiwa bado ya baridi, chini ya takriban nyuzi 50 za Selsiasi, mvuke unageuka matone na kutuama tumboni mwa sailensa. Gesi za salfa na naitrojeni zinayeyuka humo, maji yanakuwa na asidi. Safari ndefu inakausha kila kitu. Safari ya dakika tano, kama ile yetu ya kliniki, inajaza maji tu. Kile kitundu ndicho mlango wao wa kutokea, nami nikaufunga.

Sasa ya kununua. Chuma cha kawaida ni rahisi na hakidumu. Kilichopakwa alumini kina nafuu. Stenlesi ndiyo bora, kwa sababu kromiamu iliyomo hujifunika utando mwembamba wa oksaidi unaozuia kutu. Mtaani watakwambia sumaku ikinata ni feki. Si kweli. Stenlesi namba 409, inayotumika sana kwenye eksozi za kiwandani, ina kromiamu kama asilimia 11 na inanata sumaku vizuri tu. Namba 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, hiyo kwa kawaida hainati. Ila usikubali kuungiwa kipande cha bomba la maji lenye zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420, na mafusho yake humpa mchomeleaji homa.

Wakati wa kufunga, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, weka stendi. Eksozi iwe imepoa, waya wa hasi wa betri umetolewa. Nati za zamani zimwagie mafuta ya kulegeza tangu jana yake, la sivyo utakata bolti. Gasketi iwe mpya, nati ziwe za shaba, na kwenye meno ya bolti paka grisi ya shaba ili siku nyingine zifunguke. Tundika kwanza sailensa kwenye raba zake, kitundu kikiangalia chini, kaza kidogo tu, nyoosha mstari wote, kisha ndiyo ukaze kuanzia upande wa injini kwenda nyuma. Ukikaza kwanza halafu ukalazimisha raba, bomba linabaki limejikunja na litapasuka penye weldi.

Na weldi yenyewe! Mafundi wengi wanadona nukta nne upande wa chini, wa juu wanauacha kwa sababu hawauoni. Mwombe azungushe mshono mzima, hata kwa kutumia kioo. Kama anaunga stenlesi na chuma cha kawaida, atumie rodi za stenlesi, namba 309. Moto huunguza utando wa kinga, kwa hiyo kutu huanzia pembeni mwa weldi. Agonge maganda, asugue kwa brashi ya waya mpaka pang'ae, papoe, ndipo apake rangi ya kuhimili joto.

Mwisho mpime mkiwa nje, mahali penye hewa. Injini inaunguruma taratibu, fundi anaziba mdomo wa bomba kwa tambara nene sekunde chache, wewe unasikiliza. Ukisikia fyuu kwenye maungio, kazi haijaisha. Kitundu cha chini kitapuliza na kutema maji. Hicho kiacheni.