Dondoo muhimu: Kuosha chujio la hewa la pamba na kulipaka mafuta

Chujio la hewa linalooshwa na kutumika tena hutengenezwa kwa tabaka za kitambaa cha pamba zilizobanwa kati ya nyavu za waya, na mafuta maalumu yaliyopakwa humo ndiyo yanayonasa vumbi. Baada ya kupuliziwa dawa yake ya kusafishia na kuachwa takriban dakika 10, huoshwa kwa maji baridi yasiyo na kasi, yakielekezwa kutoka upande safi kwenda upande mchafu ili uchafu usisukumwe ndani zaidi. Petroli haifai kabisa; upepo wa kompresa nao, ijapokuwa ndio mazoea ya gereji nyingi, huchana pamba. Chujio liachwe likauke lenyewe, kwa kuwa pamba yenye unyevu haipokei mafuta vizuri. Ndipo mafuta, ambayo mara nyingi hutiwa rangi nyekundu ili yaonekane, yapakwe kwa mstari mwembamba juu ya kila mkunjo na kuachwa dakika 20 yaenee. Panaposalia weupe, paongezwe kidogo. Hatari kubwa ni kuzidisha: mafuta ya ziada yanaweza kuvutwa hadi kwenye sensa ya hewa, yaani kifaa chenye waya mwembamba wa moto kinachopima hewa iingiayo, na injini ikaanza kukosa nguvu.