KUZUIA DAWA, NA YANAYOFUATA BAADAYE

Huenda msomaji akauliza: ikiwa antibiotiki zimekuwa hazitibu kwa wingi wa kutumiwa, mbona hazizuiliwi kwa siku moja, mambo yakaisha? Swali hili ni jema, na jawabu yake tutaitafuta Denmark, ambao walizuia kweli.

Wafugaji wa huko walikuwa wakitia dawa hizo katika chakula cha kuku na nguruwe, si kwa ajili ya ugonjwa, bali wanyama wakue upesi. (Nguruwe kwetu ni haramu, lakini kijidudu hakimuulizi mtu dini yake.) Mojawapo, avoparsini, ni ndugu ya vankomaisini, dawa ambayo madaktari huiwekea wagonjwa walioshindwa na dawa nyingine; na kijidudu kilichoizoea ile ya kwanza hii ya pili hakiiogopi. Ilipigwa marufuku mwaka wa 1995. Katika aina moja ya vijidudu vya matumbo ya kuku, mwaka huo vilivyokuwa sugu vilikaribia 73 katika kila 100. Kufika mwaka wa 2000 havikuzidi 6.

Amma kwa nguruwe, usugu ulikataa kushuka. Sababu yake ni kuwa uwezo wa kuishinda avoparsini na uwezo wa kuishinda tailosini, dawa nyingine ya kukuzia wanyama, ulikuwa umefungwa pamoja ndani ya kijidudu kimoja, hata mwenye kulisha hii akawa ailea na ile. Tailosini ilipopunguzwa mwaka wa 1998, ndipo usugu ukashuka.

Kisha dawa zote za kukuzia zikaachwa. Vitoto vya nguruwe vilivyoachishwa kunyonya vikazidi kuhara, na dawa za kutibu zikaongezeka, ijapokuwa jumla ilibaki chini sana kuliko zamani. Wafugaji wakakimbilia zinki. Nayo zinki haiozi: hupita katika samadi ikakaa udongoni, na husaidia kulea vijidudu sugu vile vile! Umoja wa Ulaya ukaikomesha dawa hiyo ya zinki mwaka wa 2022.

Je, walikosea kuzuia? Sisi twaona hawakukosea. Kilichowafaa ni kwamba tangu mwaka wa 1995 waliweka daftari la kila mwaka, la dawa zinazotumika na vijidudu vinavyopimwa, na kwa hivyo kila dhara lililozuka waliliona mapema.

Huku kwetu Pwani, sharti ya kuwa antibiotiki isiuzwe bila ya cheti cha daktari ni sharti ya haki, nasi twaiunga mkono. Lakini yuko mama aliye mbali na hospitali, mwanawe ameshikwa na kichomi usiku, na duka la dawa ndilo daktari wake wa pekee. Basi mwenye kutaka muuzaji abanwe na aulizwe kwanza: zahanati ya karibu iko wapi, dawa imo ndani yake, na baada ya kubanwa huko, ni nani atakayeandika daftari la watoto walioikosa?