MOTO WA MAJANI NA JIRANI WA NG'AMBO YA MPAKA

Mkulima, kama shamba lako liko ukingoni mwa skimu, ukapakana na msitu, au na kaunti nyingine, au hata na nchi nyingine kama wenzetu wa Loitokitok na Mlima Elgon, somo hili ni lako hasa. Moto wa majani ukiwaka upande wa pili hautangoja uitishe mkutano. Utaingia katika mahindi yako makavu, upite kwenye boma la ng'ombe, na jioni utakuwa huna mavuno wala malisho. Basi jiulize mapema: je, watu wa ng'ambo watakuja kukusaidia? Na wakija, mtaelewana?

Kuna nchi ndogo ya Ulaya iitwayo Slovenia ambayo watu wake wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Ni watu wapatao milioni 2 tu. Chama chao cha kwanza cha wazima moto wa kujitolea kilianzishwa mwaka 1869 katika mji mdogo wa Metlika, na leo viko vyama zaidi ya 1,300, hata karibu kila kijiji kina chake. Wanachama ni wakulima, maseremala, walimu na wenye maduka. Watoto wa shule hufundishwa kukunjua mipira ya maji na kuiunga, nao hushindana kwa kazi hiyo kama watoto wetu wanavyoshindana kwa mbio. Wala msidhani kwamba kwa kuwa ni Ulaya basi serikali huwafanyia yote. Hufanya karamu za kijiji, na karibu na mwaka mpya hupita nyumba kwa nyumba na kalenda, ili wapate fedha za vyombo.

Magharibi mwa nchi hiyo, mpakani na Italia, iko nchi ya mawe na misonobari iitwayo Kras. Julai 2022, wakati wa ukame mkubwa, moto uliwaka huko ukaunguza zaidi ya hekta 3,500 upande wa Slovenia peke yake. Watu walihamishwa vijijini mwao. Upande wa Italia barabara kuu na reli zilifungwa. Tena ardhi ile ilikuwa uwanja wa vita miaka ya 1915 hadi 1917, na mabomu ya zamani yaliyobaki udongoni yalilipuka kwa joto, hata wazima moto hawakuweza kuingia kila mahali. Wazima moto wa kujitolea walitoka pande zote za nchi, na nchi jirani zilituma ndege na helikopta. Katika siku hizo hizo, upande wa Italia, mwanamke mmoja aliyejitolea aliangukiwa na mti akafa. Kazi hii si mchezo.

Watu hawa wa mpakani wana bahati moja ambayo nasi tunayo. Upande wa Italia viko vijiji ambavyo wenyeji wake husema Kislovenia, hivyo husikilizana. Kwetu, Wasabaot wa Kenya na Wasebei wa Uganda husikilizana, Wabukusu na Wagisu vivyo hivyo, na Wamaasai wako pande zote mbili za mpaka wa Tanzania. Hiyo ni nusu ya kazi.

Lakini lugha haitoshi, maana vyombo navyo vina lugha yao. Mipira ya maji ya Slovenia huungwa kwa viungo ambavyo vichwa vyake viwili ni sawa; waviweka uso kwa uso, wazungusha kidogo, vimeshikana. Ya Italia ina viungo vya kuzungusha kama kifuniko cha chupa, dume na jike. Ukileta mpira wa huku kwenye pampu ya kule, maji hayapiti, mpaka pawe na kipande cha katikati chenye kichwa cha namna hii na mkia wa namna ile. Kipande chenyewe chaenea kiganjani, lakini asiyekuwa nacho siku ya moto gari lake lasimama bure. Kwa hiyo kama kaunti yako ina gari la zimamoto na kaunti ya jirani inalo, mwombeni ofisa aulize jambo hilo sasa. Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti kazi ya kuzima moto. Kwa hiyo mpaka wa kaunti, ambao zamani hamkuujali sana, siku hizi ni mpaka hasa.

Huenda gari likafika jioni, au lisifike kabisa. Kwa hiyo vyombo vyenu ni matawi mabichi, magunia yaliyoloweshwa, majembe, mapanga, na pampu za mgongoni za kupulizia dawa. Pampu ioshwe vema kwanza; kupulizia mabaki ya dawa ya wadudu katika moto ni kuvuta sumu. Vaeni nguo za pamba, si za nailoni, ambazo huyeyuka zikashika ngozi. Anzeni nyuma ya moto, mahali palipokwisha kuungua, mkaufuate ubavuni. Mtu asisimame mbele ya moto, wala juu yake mlimani, kwa sababu moto hupanda upesi kuliko mtu anavyokimbia.

Sasa nasema jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Wakati mwingine watu huwasha moto wa pili kwa makusudi, ili uende kukutana na ule mkubwa na kumaliza majani katikati. Ni njia nzuri ikishikwa na wenye ujuzi. Lakini fikiri: ninyi mko upande huu, na vijana wa ng'ambo wako bondeni wakipiga moto kwa matawi, na hamkuwaambia. Mmewafungia kati ya mioto miwili. Kwa ajili ya hili peke yake yafaa pawe na mapatano kabla ya kiangazi: hapana mtu kuwasha moto wa namna hiyo mpaka kiongozi wa upande wa pili ajibu kwa kinywa chake kwamba amesikia na watu wake wametoka.

Mapatano hayo yaenee karatasi moja. Mwenye ardhi inayoungua ndiye aamuru, hata wageni wakiwa wengi kuliko wenyeji. Mwenyeji atoe maji ya kunywa na chakula, na ampeleke hospitali aliyeumia. Watu wahesabiwe wakiingia na wakitoka. Andikeni namba za simu za watu wawili kila upande, maana mmoja aweza kuwa safarini. Ikiwa mpaka ni wa nchi, msivuke kwa urafiki tu. Pitieni kwa chifu, naye awapeleke kwa wakuu wa mpakani. Upande wa Uganda tafuteni mwenyekiti wa LC1, na upande wa Tanzania mwenyekiti wa kijiji. Watu wa misitu na wa mbuga za wanyama waitwe pia, kwa kuwa Mlima Elgon una mbuga ya taifa pande zote mbili.

Kisha chagueni siku moja ya Novemba, mualike wale wa ng'ambo, mlime pamoja mkanda mtupu wa kuzuia moto, ninyi upande wenu na wao upande wao, mkabala. Penye majani marefu mita 3 hazitoshi siku ya upepo. Mita 10 ni afadhali. Siku hiyo hiyo pigeni simu zile zilizoandikwa, mwone kama zinaita.