SOMO LA VYAMA: KUFUNGUA NATI ILIYOGOMA



Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ya njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilianza kuwatoka wapagazi mabegani. Lakini toka shambani hadi ghalani twategemea gari, trekta na tela. Vyombo hivi vimeshikanishwa kwa bolti na nati, nazo hushikwa na kutu baada ya mvua na vumbi la kiangazi. Nati moja ikiharibiwa kwa pupa, gari huweza kulala siku nyingi wakati wa masoko ya tumbaku, na hasara hiyo ni ya kila mwanachama. Kwa hiyo yafaa tujue zana za kununua na namna ya kuzitumia.

1. Kipimo sahihi
Land Rover za zamani na trekta za Massey Ferguson 135 zilifungwa kwa bolti za inchi. Toyota hutumia milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya milimita 13 huonekana kuienea bolti hiyo, lakini pengo hilo dogo latosha kumomonyoa pembe zake. Chama chenye vyombo vya aina zote mbili hakina budi kuwa na seti mbili.

2. Aina ya spana
Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu kati ya sita. Ifae nati iliyokwisha kulegea. Spana ya ringi huizunguka nati yote. Iliyo bora kwa nati iliyogoma ni spana ya boksi yenye pembe sita, kwani hushika pande zote. Spana ya kupanua mdomo isitumike hapa, kwa maana huteleza.

3. Urefu wa mpini
Mkono ule ule, ukisukuma mpini wa sentimita 50 badala ya 25, hutoa nguvu maradufu ya kuzungusha. Ndiyo sababu bomba huongezwa kwenye spana ya magurudumu. Lakini bolti nyembamba hukatika kwa nguvu hiyo. Tena, nati za gurudumu zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini, kabla ya kupiga jeki.

4. Hatua za kufuata
(a) Safisha kutu kwa brashi ya waya.
(b) Tia mafuta ya kulegeza kutu, uyaache usiku kucha.
(c) Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, kutu ipasuke.
(d) Jaribu kukaza kidogo, kisha fungua. Rudia mbele na nyuma. Hakikisha kwanza upande wa kuzungusha, kwani katika baadhi ya malori ya zamani nati za magurudumu ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kuelekea kulia.
(e) Ikigoma bado, ipashwe moto nati ipanuke. Mafuta yafutwe kwanza, na moto usikaribie tangi, mipira wala mabomba ya breki.
(f) Mwisho kabisa, pasua nati kwa tindo, ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho. Nati mpya ni rahisi kuliko jicho.

Wakati wa kurudisha, paka bolti grisi kidogo ili zisishike kutu tena. Lakini nati za magurudumu zisipakwe.

5. Wajibu wa Katibu
Zana ziandikwe katika daftari la mali, na kila azichukuaye atie sahihi. Urambo yatupa funzo. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 kwa mitambo mingi, ukaachwa mwaka 1951, na kuharibika kwa mitambo kulikuwa miongoni mwa sababu zake. Wingi wa vyombo si maendeleo iwapo hakuna mwenye zana na maarifa ya kuvitunza.

Maswali ya kujadili katika mkutano:
1. Vyombo vya chama chetu ni vya inchi, milimita, au vyote viwili?
2. Ni spana zipi zilizomo katika daftari la mali ambazo hazimo stoo?
3. Tukiwa na fedha za kununua zana moja tu kabla ya masoko, tununue ipi, na kwa nini?